Mbali na Wapi?

Ndugu zangu wanafunzi, nanyi kaka zetu mliomaliza shule mkatawanyika katika kazi mbalimbali, leo nataka kusema habari ya maneno yanayokwenda mawili mawili.

Kila mwanafunzi anayejitayarisha kwa mtihani wa Kiingereza ana daftari dogo, na ndani yake mna orodha ya maneno ambayo Waingereza wamezoea kuyatia pamoja. Ukurasa mmoja wa orodha hiyo aghalabu ni wa kueleza mahali pa mbali. Hapo ndipo tunapokuta "remote village", yaani kijiji kilicho mbali. "Distant land", nchi ya mbali. "Far-flung corner", pembe ya dunia iliyotupwa huko. "Untouched wilderness", pori lisiloguswa na mtu. Na lile kubwa kuliko yote, "the middle of nowhere", yaani katikati ya pasipo mahali. Twayakariri, twayatia katika insha, na msahihishaji hupiga alama ya vema pembeni.

Mimi sina ugomvi na daftari hilo. Asiyejua maneno haya hataweza kusoma kitabu cha Kiingereza akakielewa, wala hatafaulu mtihani. Ninalosema ni hili: maneno hayo yalitungwa na watu waliosimama mahali fulani, wakatazama mbele yao. Nasi tukiyachukua bila kuuliza walisimama wapi, twajikuta tunaitazama milango ya mama zetu kutoka upande wa pili wa bahari.

Desturi ya kuoanisha maneno si ya Waingereza peke yao. Katika Kiswahili twasema giza totoro, wala hatusemi usiku totoro. Mtu hulala fofofo. Debe hujaa pomoni. Hakuna mfalme aliyetoa amri hiyo. Ni mazoea tu, kama watu wawili wanaoketi benchi moja kanisani kila Jumapili. Mtaalamu mmoja wa lugha, J. R. Firth, aliyekuwa profesa katika Chuo Kikuu cha London, alifundisha katika miaka ya 1950 kwamba sehemu ya maana ya neno imo katika maneno linaloandamana nayo. Tangu hapo jambo hili limechunguzwa sana, hata kule Oxford walichapa mwaka 2002 kamusi nzima isiyo na kazi nyingine ila kuonyesha neno lipi hupenda kufuatana na lipi.

Faida ya maneno yaliyooana ni kwamba la pili huja lenyewe, na msemaji hana haja ya kulitafuta. Hasara yake ni hiyo hiyo. Neno likija lenyewe, akili hupumzika. Mtu akishasema "remote", ulimi wake umekwisha kushika njia ya kwenda kwenye "village", wala hasimami kujiuliza kama kijiji hicho kweli kiko mbali. Na kama kiko mbali, ni mbali na kitu gani.

Tazameni tofauti ya lugha hizi mbili. Neno letu mbali, likitumiwa sawasawa, huunyosha mkono: mbali na mto, mbali na soko, mbali na nyumbani. Ukiniambia kwamba fulani anakaa mbali, nitakuuliza mara moja, mbali na wapi? Lakini neno "remote" husimama peke yake bila aibu. Wale wanaosoma Kilatini watakumbuka kwamba asili yake ni tendo la kuondoa: kilicho "remote" ni kile kilichoondolewa, kilichosogezwa kando. Basi yafaa tuulize, kimesogezwa na nani, na kutoka wapi?

Nitatoa mifano, nikianza na ule ulio mzito kuliko yote. Mwaka 1878 Henry Morton Stanley alichapa kitabu cha safari yake, akakiita Through the Dark Continent, yaani kupita katika bara la giza. Mwaka 1890 akachapa kingine, nacho akakiita In Darkest Africa, katika Afrika yenye giza kuliko yote. Tangu siku hizo maneno hayo mawili, giza na Afrika, yakaoana katika Kiingereza, na ndoa hiyo imekuwa ngumu kuivunja. Lakini giza hilo lilikuwa la nani? Katika nchi alizopita Stanley watu waliamka asubuhi, wakaona jua, wakajua njia ya kwenda kisimani na jina la kila kilima. Gizani alikuwamo yule asiyeijua njia, naye akaipaka nchi nzima rangi ya macho yake.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni lile lililotokea mwaka ule ule wa 1890. William Booth, aliyeanzisha Jeshi la Wokovu, aliyachukua maneno ya Stanley akayageuza. Alichapa kitabu juu ya maskini wa Uingereza, wasio na kazi, wenye njaa na wasio na mahali pa kulala, akakiita In Darkest England and the Way Out. Alitaka kuwaonyesha Waingereza kwamba hawana haja ya kupanda meli ili kulitafuta giza. Liko katika mitaa yao wenyewe. Lakini sasa pimeni wenyewe. Maneno ya Booth yalisomwa, yakazungumzwa, yakapita. Ni nani leo anayesema "darkest England"? Yale ya Stanley ndiyo yaliyobaki. Uingereza iliweza kulivua neno hilo kwa sababu wenyewe ndio waliokuwa na kalamu.

Mfano wa pili ni mji wa Timbuktu, ulioko Mali. Mwingereza akitaka kusema mwisho wa dunia, husema Timbuktu, na wako watu waliotumia jina hilo maisha yao yote wakidhani ni mahali pa hadithi tu. Mji huo ulikuwa na misikiti na walimu, na wanafunzi walisafiri kwenda kusoma huko kama sisi tunavyosafiri kwenda shule za bweni. Misafara ya ngamia ilileta chumvi kutoka jangwani, na mashua zikaleta nafaka kwa mto Niger. Ibn Battuta, msafiri wa Moroko, alifika Kilwa, katika pwani yetu ya Afrika ya Mashariki, mwaka 1331, na mwaka 1353 akafika Timbuktu. Kwake yeye miji hiyo miwili ilikuwa vituo katika njia ambazo wafanyabiashara na wanachuoni walizijua. Miaka karibu 500 baadaye, mwaka 1828, Mfaransa René Caillié alifika Timbuktu akarudi kwao salama, akapewa zawadi kana kwamba ametoka mwezini. Mji haukuwa umesogea hata hatua moja. Aliyekuwa mbali ni Paris.

Mfano wa tatu umo katika Kiswahili chetu wenyewe, nao waonyesha jinsi tunavyomeza bila kutafuna. Waingereza waliziita China na Japani "the Far East", nasi tukatafsiri, Mashariki ya Mbali. Mwaka 1902 afisa mmoja wa jeshi la maji la Marekani, Alfred Thayer Mahan, aliandika habari ya nchi za Ghuba ya Uajemi akaziita "the Middle East", na jina hilo likaenea, nasi tukatafsiri tena, Mashariki ya Kati. Leo twalisoma katika magazeti na kulisikia katika redio kila siku. Sasa fungueni atlasi. Misri huhesabiwa katika Mashariki ya Kati. Lakini mji wa Cairo, ukiutazama katika ramani, uko magharibi kidogo ya Kampala. Mtu wa Kampala anayetaka kwenda katika mji huu wa "Mashariki" hana budi kuelekea kaskazini, kisha apinde kidogo magharibi! Nao Wachina hawaiiti nchi yao mashariki ya kitu chochote. Jina lao wenyewe, Zhongguo, maana yake ni Nchi ya Kati. Kila mtu ana kati yake.

Twajua pia siku ambayo kati ya Waingereza ilifanywa kati ya watu wote. Mwaka 1884 wajumbe wa nchi 25 walikutana Washington, wakapiga kura kwamba digrii za mashariki na magharibi zihesabiwe kuanzia Greenwich, karibu na London. Haikuwa kazi mbaya, maana mabaharia walihitaji hesabu moja, na meli nyingi zilikuwa tayari zinatumia ramani za Greenwich. Tena hesabu hiyo ina adabu ya kusema wazi inaanzia wapi. Maneno ya mahali pa mbali hayana adabu hiyo. Nayo yanaanzia London, lakini hayasemi.

Labda mtu atasema kwamba nawatetea Waafrika tu. Hapana. Katika bahari ya Atlantiki, zaidi ya kilomita 2,700 kutoka Cape Town, kiko kisiwa kiitwacho Tristan da Cunha. Watu wake hawafiki 300, nao ni raia wa himaya ya Uingereza wenye kusema Kiingereza. Vitabu vyote hukiita "the remotest inhabited island", kisiwa chenye watu kilicho mbali kuliko vyote. Mwaka 1961 mlima wa moto ulilipuka karibu na kijiji chao, wakapakiwa melini wote wakapelekwa Uingereza. Huko walipewa nyumba, kazi, umeme na maduka, na watu wengi wakadhani kwamba maskini hawa wametolewa katika upweke na sasa wamefika duniani. Mwishoni mwa mwaka 1962 wakapiga kura. Watu 148 walitaka kurudi kwao, na 5 walitaka kubaki. Mwaka 1963 wengi wao walirudi. Kwa watu hao Uingereza ndiyo iliyokuwa kisiwa cha mbali.

Sasa nirudi karibu. Mimi natoka wilaya ya Kasese, chini ya milima ya Rwenzori, upande wa mpaka wa Uganda na Kongo. Wenzangu wa huko wakiulizwa katika insha waeleze kwao, sentensi ya kwanza ni ile ile, kwamba watoka katika "remote village" karibu na mpaka. Lakini hebu simameni pamoja nami Mpondwe siku ya gulio. Utaona watu wa Beni na Butembo wanaingia, watu wa Kasese na Fort Portal wanaingia, samaki, kahawa, muhogo, vitenge na mafuta ya mawese vinapita mikononi, na katika saa moja utasikia Kikonzo, Kiswahili, Kifaransa, Kiingereza na Luganda. Mahali ambapo nchi mbili hukutana kila wiki kula na kuuziana hapawezi kuitwa pembe iliyotupwa. Pako mbali na Kampala, hiyo ni kweli. Lakini wale wanaouza na kununua hapo hawakuja kwa ajili ya Kampala.

Tena kuna ziwa la chumvi la Katwe. Watu wamechimba chumvi hapo kwa vizazi vingi, na kabla ya Wazungu wafanyabiashara walitoka nchi za jirani kuja kuichukua, na wafalme walipigania ziwa hilo kama watu wanavyopigania bandari. Stanley mwenyewe alifika Katwe mwaka 1889, akaiona chumvi na nyumba za wenye kuichimba. Mwaka uliofuata akachapa habari hizo ndani ya kitabu chenye jina lile la giza.

Umbali nao hupungua na kuongezeka kwa namna ya ajabu. Mwaka 1956 reli ilifika Kasese, kwa kuwa Kilembe palikuwa na shaba. Wakati huo hakuna aliyesema kwamba Kasese ni katikati ya pasipo mahali. Shaba ilipakiwa katika treni ikaenda Jinja kuyeyushwa, kisha Mombasa, kisha ng'ambo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 uchimbaji ule mkubwa ulikoma, na katika miaka ya 1990 treni ikakoma pia. Hapo Kasese ikawa "remote" tena. Kilomita hazikuongezeka hata moja. Kilichoondoka ni shaba, na pamoja na shaba hamu ya watu wakubwa kufika.

Na lile neno la pori lisiloguswa na mtu? Watalii huambiwa hivyo juu ya hifadhi iliyo pembeni mwa wilaya yetu, iliyoanzishwa mwaka 1952 kwa jina la Kazinga, ikaitwa Queen Elizabeth mwaka 1954. Lakini mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale uliwaua watu wengi kando ya maziwa ya Edward na George, na serikali ya Waingereza ikawahamisha waliobaki. Nchi ikabaki tupu, wanyama wakajaa. Kisha akaja mtu mwingine, akaona majani marefu, akaandika kwamba hapa hapajaguswa. Hata leo vijiji vya wavuvi vingalimo ndani ya hifadhi hiyo. Kuwaita watu hao wakazi wa pori lisiloguswa ni kuwafuta wao pamoja na makaburi ya babu zao, kwa maneno mawili tu.

Najua jibu litakalotolewa, nalo ni jibu la haki. Mtu atasema, "Wewe kijana wachezea maneno, lakini mama mwenye uchungu wa kuzaa huko juu mlimani yuko mbali kweli. Usitufiche umbali wake kwa majivuno yako ya nyumbani." Nakubali kabisa. Mimi sisemi kwamba hakuna mahali pa mbali. Nasema kwamba maneno haya yaliyooana ndiyo yanayouficha umbali wa mama huyo.

Fikirini. Karani akiandika katika ripoti yake kwamba kijiji fulani ni "remote", msomaji wa ripoti atatikisa kichwa kwa huruma, na kazi itaishia hapo. Umbali umekuwa tabia ya kijiji, kama urefu ni tabia ya twiga. Na ni nani awezaye kumlaumu twiga, au kumtengeneza? Lakini karani yule yule akiandika kwamba kutoka kijiji hicho hata zahanati ni mwendo wa saa nne kwa miguu, na kwamba katikati pana mto usio na daraja, mara watu wapata kazi ya kufanya. Daraja ni la nani? Fedha zake ziko wapi? Zahanati yaweza kusogezwa? Neno moja lafunga mlango, maelezo yaufungua.

Sisi wa Kasese tumeliona jambo hilo kwa macho. Mwaka 2013, na tena mwaka 2020, mto Nyamwamba ulifurika ukashuka na mawe makubwa, ukabomoa madaraja na kuiharibu hospitali ya Kilembe. Watu waliolala jirani na hospitali wakaamka wakiwa mbali na matibabu, wala hakuna aliyehama. Basi umbali ule haukuwa tabia ya watu wala ya mahali. Ulikuwa daraja lililovunjika na wodi iliyojaa matope, na vitu hivyo vina majina, na vina watu wanaopaswa kuvishughulikia.

Hata katika utumishi wa serikali kuna sehemu zinazoitwa ngumu kufikika, na watumishi wanaokwenda huko wameahidiwa nyongeza ya mshahara. Ni vema wapewe. Lakini mwalimu kijana akisikia jina hilo kabla hajafika, huanza kuomba uhamisho akiwa bado amefunga sanduku. Je, nao watoto wanaomngoja, wao wanaitwaje? Kwao mwalimu ndiye aliye mgumu kufikika.

Wala tusijidanganye kwamba Kiswahili kina mikono safi. Kule Zanzibar watu wa Mji Mkongwe waliiita Ng'ambo ile sehemu iliyokuwa upande wa pili wa hori. Hori limefukiwa zamani, na wakazi wa Ng'ambo wamekuwa wengi kuliko wa Mji Mkongwe, lakini jina lingali linamtazama mtu kutoka upande ule. Na watu wa Mombasa waliwaita majirani zao Wanyika, yaani watu wa nyika, wa porini. Majirani hao hawakuwa na haja ya kuitwa kwa jina la vichaka vilivyo katikati yao na mji wa mtu mwingine. Katika miaka ya 1940 walishika jina lao wenyewe, Mijikenda, maana yake miji tisa. Ona jinsi jina linavyobadili picha: jina la kwanza halina hata nyumba moja ndani yake, na la pili lina miji tisa.

Siku hizi twasikia pia maneno mapya, kama maeneo ya pembezoni. Pembezoni mwa nini? Kila pembe ina chumba chake, na tukisema pembe bila kutaja chumba, tumekwisha kukubali kwamba katikati ni kwa mtu mwingine.

Basi tufanye nini? Wengine watasema tuyafute maneno haya katika madaftari. Hilo ni shauri la uvivu. Ayafutaye hatayatambua akikutana nayo katika kitabu, na yataingia kichwani mwake kwa mlango wa nyuma. Mimi nashauri mambo matatu.

La kwanza, ukikutana na maneno hayo, jibu swali la Kiswahili: mbali na wapi? Ukilijibu, umemjua aliyesema na mahali aliposimama. Ukishindwa kulijibu, jua kwamba neno hilo halijakuambia kitu.

La pili, ukiandika mwenyewe, taja kipimo. Usiandike kijiji cha mbali. Andika saa, kilomita, mto, nauli ya pikipiki. Walimu wa Kiingereza wenyewe hupenda maelezo yaliyo dhahiri, na hakuna mtihani unaomnyima alama mtu aliyeeleza njia ya kwao hatua kwa hatua kwa Kiingereza safi.

La tatu, kabla hujaeleza mahali pa watu wengine, uliza wenyewe wanapaitaje. Kilele kirefu cha milima yetu, chenye mita 5,109, huitwa Margherita kwa heshima ya malkia wa Italia, kwa sababu mwanamfalme mmoja wa Kiitaliano alikipanda mwaka 1906. Malkia hakukipanda, na Wakonzo walikuwa wamekaa chini ya theluji hiyo kwa vizazi vingi. Jina hilo litabaki katika ramani, nami silipingi. Lakini mwanafunzi anayejua la malkia asilijue la mlima mzima katika kinywa cha nyanya yake amesoma nusu ya somo.

Mwisho nasema nanyi kaka zetu mliotangulia. Sisi huku tunaandika insha, na insha ikishasahihishwa huwashia jiko. Ninyi mnaandika ripoti za wilaya, barua za kuomba fedha, habari za magazetini na maelezo ya hospitali. Maneno yenu husomwa na watu wenye funguo za masanduku. Mkiandika kwamba sisi tu mbali, tutabaki mbali. Andikeni ni mbali na daktari kwa saa ngapi, mbali na kitabu kwa kilomita ngapi, na kwamba daraja lilivunjika mwaka gani. Hapo msomaji wenu, hata akiwa London au Kampala, atajua kwamba safari yaweza kuanzia upande wake pia.

Mwenye shauri lingine na aliandike katika toleo lijalo. Nitalisoma kwa furaha.